Kompyuta ikileta visa baada ya kusasishwa: ya kufanya kabla ya kumwita fundi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kwa wengi wetu ilipita kama habari ya wakubwa wa mbali. Lakini tukitembea hapa Wete, kuanzia barabara ya sokoni hadi Limbani, Utaani na Jadida, tutakuta kompyuta za mezani katika steshenari zinazotoa kopi, katika skuli, katika ofisi na katika nyumba zetu. Nyingi ni za mtumba, zimeshafanya kazi miaka kadhaa kwengine kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu. Hizo ndizo zinazoguswa na habari ile.

Kompyuta ya mezani kwetu aghalabu si ya mtu mmoja. Mchana inachapisha barua za wateja, jioni mtoto anaandika kazi ya skuli, usiku baba anaangalia hesabu za karafuu alizouza. Kwa hivyo inapowaka asubuhi imebadilika sura, printa haijulikani ilipo, sauti imekata na maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango, hasara inagawika nyumba nzima. Mama aliyefungua steshenari kwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa anakosa wateja wa siku ile. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anazihesabu siku za kuomba mkopo wa masomo zikimkatikia. Na picha za harusi, za marehemu bibi na za watoto walipokuwa wachanga zimo humo humo, na mara nyingi hazipo pengine popote.

Habari njema ni kwamba visa vingi vinavyotokea baada ya kusasisha vinatibika nyumbani, bila ya kufuta kitu. Muhimu ni kujua pa kuanzia.

Kwa nini tusasishe?

Wapo wanaosema, bora kuizima kabisa hiyo "apdeti" ili kompyuta ipumue. Hoja yao ina uzito kwa mwenye bando dogo, lakini ina hatari yake. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu lile lile na kuingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150. Kilikuwa kikifunga mafaili ya mtu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilifika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Walioumia zaidi ni wale ambao sasisho la Machi halikuwa limeingia katika mashine zao.

Ndiyo maana tangu Oktoba 2003 kampuni hiyo ina siku maalumu ya kutoa masasisho ya usalama: Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa zetu huwa ni Jumanne jioni au usiku. Ukiona kompyuta imebadilika tabia Jumatano au Alhamisi ya wiki hiyo, kabla ya kumshuku mtoto kuwa ameichezea, angalia kwanza kama imesasishwa.

Sasisho nalo hukosea

Tusidhani kuwa kinachotoka kwa kampuni kubwa hakina kasoro. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 lilisimamishwa siku chache tu baada ya kutolewa, kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili yao ya nyaraka na picha yamefutwa. Februari 2020 sasisho jengine liliwafanya baadhi ya watumiaji wafungue kompyuta na kukuta uso wa mbele mtupu, kana kwamba mashine ni mpya. Mafaili yao yalikuwepo, ila mfumo ulikuwa umewafungulia mlango usio wao. Machi 2021 baadhi ya kompyuta zilikuwa zikizimika kwa skrini ya buluu kila mtu anapotaka kuchapisha kwa printa za aina fulani. Na Oktoba 2025, wiki ile ile ya kuagana na Windows 10, sasisho la Windows 11 lilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya sehemu ya kurekebishia mfumo, mpaka likatolewa jengine la haraka kuondoa kasoro hiyo.

Lipo pia tukio la tarehe 19 Julai 2024. Hilo halikutoka Microsoft, lilitoka kwa kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ambayo ilituma faili moja lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziligoma kuwaka, ndege zikalala viwanjani na benki zikasimama. Dawa yake haikuwa ngumu: kufuta faili moja. Shida ni kwamba mara nyingi ililazimu mtu akae mbele ya kila kompyuta aifanye kwa mkono.

Kwa hivyo kompyuta yako ikigoma siku ya pili baada ya kusasishwa, haina maana kuwa imekufa, wala kuwa umeiharibu wewe.

Kwanza, isubiri

Baada ya sasisho kubwa kompyuta huendelea kufanya kazi kimya kimya: hupanga upya orodha ya mafaili, hukagua virusi, hushusha vipande vilivyobaki. Mashine yenye RAM ndogo na diski ya zamani inayozunguka itakuwa nzito kwa saa kadhaa. Iache imewaka, usiifungulie kazi nyingi, kisha iwashe upya kwa kuchagua "Restart". Usichague kuzima, kwa sababu Windows ya siku hizi ikizimwa huweka akiba sehemu ya hali yake ya zamani na kuirejesha inapowaka. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Visa vingi huishia hapo.

Printa imepotea

Hiki ndicho kilio cha wenye steshenari. Angalia kwanza kama kazi haziendi mahali pengine. Baada ya kusasisha, kompyuta huweza kuchagua printa nyengine kuwa ndiyo ya kawaida, hata ile ya kutengenezea PDF ambayo haina karatasi wala wino. Mteja anangoja barua, kumbe inahifadhiwa ndani kama faili. Ingia katika orodha ya printa, chagua ya kwako, na uzime kile kipengele kinachoiachia Windows ikuchagulie.

Ikiwa printa haimo kabisa, chomoa waya wa USB, zima printa, iwashe, kisha chomeka katika tundu jengine. Ikikataa, iondoe katika orodha na uiongeze upya. Kinachokosekana mara nyingi ni dreva, yaani ile programu ndogo inayoiongoza kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa. Ichukue katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa yako. Usiichukue katika tovuti zinazokutangazia kuwa zina dreva za kila kitu bure. Nyingi ya hizo zinakupa ugonjwa juu ya ugonjwa.

Sauti, skrini na intaneti

Sauti ikikata, bonyeza alama ya spika pembeni chini na uangalie inapelekwa wapi. Huenda inapelekwa kwenye skrini isiyo na spika. Maandishi yakiwa makubwa kupita kiasi au picha zimetanuka, dreva ya picha imebadilishwa na skrini haipewi kipimo chake; kirekebishe katika mipangilio ya skrini. Skrini ikiwa nyeusi huku kompyuta inanguruma, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo dreva ya picha huanza upya, na pengine picha ikarudi.

Kifaa kilichokuwa kikifanya kazi kabla ya sasisho kina dawa nyengine. Fungua "Device Manager", bonyeza mara mbili jina la kifaa hicho, nenda palipoandikwa "Driver", na ukiona "Roll Back Driver" inabonyezeka, ibonyeze. Kompyuta itarudia dreva ya zamani na kuiacha mpya.

Kama mtandao upo lakini kila tovuti inakuambia kuwa si salama, tazama tarehe na saa. Kompyuta kongwe zina betri ndogo ya duara kwenye bodi, aina ya CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila unapowasha mashine inaamka na tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti zinazotumia ulinzi humkataa mgeni ambaye saa yake si sahihi. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika chache. Wengi hulitupia lawama sasisho, kumbe kosa ni la betri.

Mafaili hayaonekani

Hapa ndipo watu hushikwa na hofu na kufanya makosa. Usiweke kitu kipya, usiformati. Fungua diski C, halafu folda ya "Users", na uangalie kama pana jina lako la zamani au linalofanana nalo. Mara nyingi picha na nyaraka zimo humo. Angalia pia folda ya OneDrive, kwa sababu Windows 11 ina tabia ya kuhamishia humo nyaraka na picha na kuzipandisha mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, na upandishaji huo hula bando bila ya mwenye nyumba kujua.

Baadhi ya kompyuta zikishasasishwa huamka na skrini inayodai namba ndefu ya tarakimu 48. Hiyo ni namba ya kufungulia diski iliyofungwa kwa BitLocker. Julai 2024 sasisho moja lilizifanya kompyuta kadhaa ziidai ghafla. Kwa kawaida namba hiyo imehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kufungulia kompyuta, na unaweza kuiona ukiingia katika akaunti hiyo kwa simu. Mashine ya mtumba iliyowekwa kwa akaunti ya muuzaji ni hatari kwa sababu hii: namba anayo yeye.

Haiwaki kabisa

Ikiwa inaganda kwenye nembo, ondoa flashi, printa na kila kilichochomekwa isipokuwa kibodi, mausi na skrini. Iwashe. Ikiganda tena, izime kwa kukishikilia kitufe cha kuwashia nembo inapotokea. Rudia mara mbili au tatu. Safari inayofuata itakupeleka wenyewe katika sehemu ya matengenezo. Humo unaweza kuondoa sasisho la mwisho, au kuwasha kwa hali salama, ambayo ni kompyuta na vitu vya lazima tu.

Kama umehama kutoka toleo moja kwenda jengine, mfano kutoka Windows 10 kwenda 11, na mambo hayaendi, una siku 10 za kurudi ulikotoka. Mlango wake ni "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Toleo la zamani huwekwa katika folda ya Windows.old, na siku 10 zikipita hufutwa. Mtu asikuambie uifute mapema ili kupata nafasi kabla hujaridhika na toleo jipya.

Umeme na bando letu

Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi ya taifa mwaka 2010, kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Hali imekuwa bora mno, lakini umeme bado hukatika, na hakuna wakati mbaya wa kukatika kama pale skrini inaposema usizime kompyuta. Kompyuta ya mezani haina betri kama laptop. Sasisho likikatwa katikati, mfumo huweza kubaki nusu wa zamani, nusu mpya. Mwenye steshenari anayeingiza fedha kwa mashine hiyo anunue UPS, hata ndogo. Kama huna, usianze kusasisha wakati wa upepo na mvua, wala wakati umeme umeanza kuchezacheza.

Kuhusu bando, kuhamia toleo jipya hula GB kadhaa. Mwaka 2016, Windows 10 ilipokuwa inajipakua yenyewe, walinzi wa wanyama wa mradi wa Chinko, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, walilalamika kuwa kompyuta zao zilianza kushusha GB 6 kwa mtandao wa setilaiti wenye gharama kubwa, mtandao huo huo wanaoutegemea kuwasiliana na askari wao porini. Wewe unayewasha hotspoti ya simu kwa bando la siku usijiweke katika hali hiyo. Katika mipangilio ya Wi-Fi ya hotspoti yako, washa "Metered connection". Windows itajua kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yatangoja. Unaweza pia kuyasimamisha kwa wiki kadhaa palipoandikwa "Pause updates", hasa wakati wa matokeo ya mitihani na maombi ya vyuo, ambapo steshenari haina nafasi ya kulala hata siku moja.

Ukimwita fundi

Wapo mafundi wazuri mjini, na wapo ambao dawa yao ni moja kwa kila ugonjwa: "kupiga Windows" upya. Ni njia rahisi kwake, kwa sababu haimlazimu kutafuta tatizo. Lakini ndiyo inayofuta nyaraka na picha. Kabla ya kumkabidhi mashine mkubaliane mambo matatu: bei, siku ya kurudisha, na kwamba hatoformati kabla ya kunakili mafaili yako katika diski ya nje mbele yako. Mwambie lini ilisasishwa na nini kilibadilika. Maelezo hayo yanampunguzia kazi.

La pili ni stara. Kompyuta ya nyumbani ina picha za akina mama walizopiga ndani ya nyumba, bila ya mabuibui, katika harusi na arubaini. Hizo hazifai kukaa wiki nzima katika banda la mtu. Ziondoe kwanza, uziweke katika diski ya nje inayobaki nyumbani. Kama mashine haiwaki, fundi anaweza kuitoa diski kuu na kukuachia, au kuitengeneza hapo hapo nyumbani kwako. Fundi muaminifu hatoona uzito kwa ombi hilo.

La tatu, jihadhari na Windows iliyovunjwa kufuli. Nyingi ya hizo hufungiwa masasisho, na mlango uliotumika kuvunjia huachwa wazi. Unaokoa fedha leo, kesho neno la siri la akaunti yako liko mikononi mwa usiyemjua.

Mashine ikiwa kongwe

Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa kompyuta za Intel, kwa kawaida hukubali kuanzia kizazi cha 8. Nyingi ya mashine tulizonazo haziifikii daraja hiyo. Kuna njia za kuilazimisha, lakini visa vingi vya dreva huanzia hapo.

Mwenye Windows 10 anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na ipo njia ya kufanya hivyo bila ya kulipa kwa anayetumia akaunti ya Microsoft. Njia nyengine ni Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa vizuri katika mashine za zamani. Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi uliokuwepo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa skuli anayeandika, anayesoma na kuingia mtandaoni, Linux inatosha. Mwenye steshenari aijaribu kwanza kwa kutumia flashi, bila ya kuiweka ndani, aone kama printa yake inakubali.

Daftari la kompyuta

Weka daftari dogo karibu na mashine, kama vile tunavyoweka kadi ya kliniki ya mtoto. Andika aina ya kompyuta na ya printa, akaunti iliyotumika, tarehe ya kila sasisho, na kilichobadilika baada yake. Namba ya BitLocker iandikwe pia, lakini katika karatasi ya mbali, pamoja na hati nyengine za nyumba.

Kisha nyumba ikubaliane nani anayeruhusiwa kubonyeza "sasisha sasa", na kwa masharti gani. Manne yanatosha: picha na nyaraka zimeshanakiliwa katika diski ya nje, umeme umetulia, bando linatosha, na kesho yake si siku ya kazi ya haraka. Ijumaa usiku, duka likishafungwa, ni wakati mzuri kwa wengi, kwani Jumamosi na Jumapili zinabaki za kurekebisha kama kuna la kurekebisha. Yakikosekana hata moja kati ya hayo manne, sasisho linaweza kungoja siku chache, ila lisisahauliwe miezi.